Kicheko cha Kashasha, kama tulivyokiona Nshamba

Mwaka 1962 ulituanzia Ihangiro, huku Uhayani, kwa habari mbili. Ya kwanza ilitoka Dar es Salaam: Mwalimu Nyerere amejiuzulu uwaziri mkuu, kiti amekalia Rashidi Kawawa, na Uhuru wenyewe haujatimiza hata miezi miwili. Ya pili ilitoka karibu zaidi: wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha wanacheka na hawawezi kuacha. Ile ya kwanza wazee waliijadili juu ya kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku mbili tatu, wakaimaliza. Ya pili ilikuja kukaa nasi majumbani.

Nilikuwa darasa la tatu. Nshamba, kijiji chetu, wakati ule ilikuwa vibanja tu, mgomba hadi mgomba, mibuni katikati, na njia nyembamba zilizojulikana na wenyewe. Toka kwetu hadi mjini Bukoba ni maili 55 hivi, barabara ya changarawe, na masika ikishika basi lilikuja likipenda. Kashasha ilikuwa karibu zaidi na mji, maili kama 25. Ilikuwa shule ya misheni ya wasichana, ya madarasa ya kati, yaani la tano mpaka la nane. Dada yangu wa kwanza alikuwa huko. Mzazi aliyepeleka binti bweni siku hizo alionekana ama ana akili sana ama amepungukiwa, inategemea uliuliza nyumba gani. Ada ilitoka kwenye kahawa, na mahari nayo ilikuwa inangoja, kwa hiyo kila mwaka binti aliokaa shuleni ulihesabiwa na watu wengi kuliko yeye mwenyewe.

Tarehe na hesabu ninazozitaja hapa sikuzijua utotoni. Nimezipata baadaye katika makala ya madaktari wawili, Rankin na Philip, waliokuja kuchunguza na kuandika katika jarida la Central African Journal of Medicine mwaka 1963. Wao wanasema ilianza tarehe 30 Januari kwa wasichana watatu. Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Umri wao ulikuwa miaka 12 hadi 18. Walimu, Wazungu na Waafrika, hakuna hata mmoja aliyeguswa.

Shule ilipofungwa mabinti walirudishwa makwao, na hapo ndipo jambo la Kashasha lilipokuwa letu. Dada alifika na sanduku lake la bati kichwani, amelowa, amekonda, hana neno. Mama alimpa uji, akamwangalia akinywa, akamgusa shingo kutafuta homa. Hakuwa na kitu. Waliofika naye kijijini siku hizo nao walionekana wazima. Miongoni mwao alikuwemo binti wa mama yetu mdogo, ambaye kwetu ni dada vilevile, amemzidi kidogo dada yangu umri, msichana mpole aliyekuwa akitusaidia hesabu wakati wa likizo. Yeye ndiye niliyemwona kwa macho yangu.

Ilikuwa jioni, mvua imeanza kupungua. Wanawake walikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, wanamenya ndizi za usiku. Sisi watoto tulikaa mlangoni kungoja yale maganda tuwapelekee mbuzi. Binti wa mama mdogo alikuwa na kisu mkononi, utomvu umemganda vidoleni. Akaguna, kama mtu aliyekumbuka kitu. Shangazi akamuuliza, "Unacheka nini, mwanangu?" Akacheka kidogo zaidi. Na wengine nao wakacheka, kwa sababu kicheko humvuta aliye karibu hata kama hajui kinachochekwa. Kisha wao wakanyamaza. Yeye akaendelea.

Mama ndiye aliyetambua kwanza. Aliinuka taratibu akamtoa kile kisu mkononi, akakificha nyuma ya chungu. Mdomo wa yule binti ulikuwa unacheka, meno yote nje, lakini macho hayakuwemo katika kile kicheko. Yalikuwa yamekodoka, mboni nyeusi zimepanuka, yanatazama juu ya mabega yetu. Machozi yalimtiririka. Alishika tumbo, akainama, akashindwa kuvuta pumzi, ikafuata sauti ya kilio cha kawaida kabisa, kilio cha mtoto, halafu kicheko kikarudi juu yake. Shangazi alianza kusali kwa sauti. Binti akasimama ghafla, akatoka mbio kwenye migomba.

Wajomba wawili walimkamata karibu na kijito. Msichana mwembamba yule alimrusha mmoja wao matopeni. Alikuwa akisema, kwa Kihaya, kuna mtu anamfuata, mbona hamumwoni, na kwamba kichwani mna vitu vinazunguka. Walimleta amebebwa. Akalala. Alipoamka usiku aliomba maji, akauliza kama ndizi zimeiva. Kesho yake, baada ya chai, ikaanza upya. Ilimchukua karibu wiki nzima, inakuja na kuondoka, dakika chache mara nyingine, mara nyingine saa kadhaa, hata siku moja isirudi. Haikurudi kwake tena maisha yake yote.

Nimesema haya kwa kirefu kwa sababu naona jinsi yanavyosimuliwa leo. Vitabu na vipindi vya redio vya nje vinapenda kusema kwamba kijiji kizima cha Tanganyika kilicheka mwaka na nusu bila kupumzika, na kwamba chanzo kilikuwa mzaha mmoja aliousema msichana darasani. Hakuna binadamu anayeweza kucheka siku mbili mfululizo, sembuse mwaka. Mtu alishikwa, akaachiwa, akashikwa tena, na kwa wengi yalikwisha katika siku kadhaa. Madaktari walioandika wanataja siku 16 kama muda mrefu kabisa. Kilichodumu miezi ni kule kuhama kwa jambo lenyewe, kutoka kwa mtu hadi mtu na kutoka shule hadi shule. Na ule mzaha wa darasani, dada yangu ambaye alikuwepo hajapata kuusikia.

Nshamba yetu, katika Aprili na Mei, walipatwa watu 217 katika wakazi wapatao 10,000. Hawakuwa wasichana wa shule peke yao. Walikuwemo vijana wa kiume na wake wenye watoto mgongoni. Kijiji kikabadilika tabia. Sisi watoto tulikatazwa kucheka pamoja. Ukicheka kanisani, vichwa vyote vinageuka, na mzee wa kanisa anakutazama mpaka unyamaze. Bibi mmoja jirani yetu, maarufu kwa utani wake, ambaye hata msibani alikuwa akiwapasua watu mbavu, aliombwa na wanawe anyamaze mpaka ugonjwa upite. Mgeni alipofika alikaribishwa kama kawaida, akapewa kahawa ya kutafuna, lakini mama aliuliza kwanza ametoka wapi na amelala kwa nani.

Jina lilipatikana haraka: endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. Chanzo ndicho kilichokosekana, na watu hawawezi kukaa na kitu kisicho na chanzo. Kuna waliosema ni unga wa mahindi wa shuleni umetiwa sumu. Na Mhaya wa wakati ule alikuwa tayari kuamini ubaya wowote wa ugali, maana chakula ni ndizi. Kuna waliosikia kwamba wakubwa wa dunia wanalipua mabomu ya atomiki hewani na upepo umebeba uchafu wake mpaka kwetu. Hilo halikuwa wazimu kama linavyosikika, maana kulipua walikuwa wanalipua kweli. Miezi michache nyuma, Oktoba 1961, Warusi walikuwa wamelipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa. Wengine walinong'ona habari za mizimu ya zamani iliyoachwa bila sadaka tangu watu waingie dini. Nyumba kadhaa zilikwenda kwa mfumu, mganga wa jadi. Zilikwenda usiku, kwa sababu asubuhi zilikuwa na ibada.

Serikali nayo ilikuja na njia yake. Nawakumbuka wale watu wa hospitali kwa viatu, maana vilikuwa vimejaa tope jekundu na waliviacha nje ya mlango bila kuambiwa, jambo lililomfurahisha sana mama. Walichukua damu. Wagonjwa wengine walichomwa sindano ya mgongoni kutolewa maji ya uti wa mgongo, na habari hiyo ilitisha kijiji kuliko ugonjwa wenyewe. Walipima chakula. Hawakupata sumu, hawakupata mdudu. Waliyoyaona ni mboni zilizopanuka, miguu inayoruka kupita kawaida ikigongwa goti, na kwamba kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine siku chache kabla. Hakuna aliyekufa. Walieleza kwa utulivu kwamba mwili hauna kasoro, na mjomba aliyetupwa matopeni akawauliza, "Basi aliyenirusha ni nani?"

Mwishoni mwa Mei dada alirudishwa shuleni. Kashasha ilikuwa imefunguliwa tarehe 21. Baba alisema mtihani wa darasa la nane haungoji mtu, na barua ya shule ilikuwa imetumia maneno yaleyale. Wakapatwa wengine 57, dada yangu akiwa mmoja wao, na mwisho wa Juni shule ikafungwa mara ya pili. Mwezi huohuo ilizuka Ramashenye, shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba: 48 kati ya 154. Kutoka huko binti mmoja alirudi kwao Kanyangereka, maili 20 toka mjini, na jamaa zake wa nyumbani wakafuata, kisha shule mbili za wavulana za jirani nazo zikafungwa. Vijiji vingine viliwekewa karantini. Mpaka yote yanakwisha, zilikuwa zimefungwa shule 14 na waliopatwa walikadiriwa kuwa watu 1,000.

Kuhusu kuisha kwake sina hadithi. Iliisha tu. Shule zikafunguliwa, kahawa ikavunwa, Desemba tukawa Jamhuri, mwaka uliofuata machifu wakaondolewa, na kila mtu akawa na la kuzungumza. Kicheko kikawa jambo la aibu ya nyumbani, lisilotajwa mbele ya wakwe. Binti wa mama mdogo alipochumbiwa, upande wa mume walituma mtu kuuliza kwa uficho. Jibu walilopewa ni kwamba alikuwa na malaria.

Dada yangu alinieleza ya kwake miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima wenye wajukuu, na alinieleza mara moja tu. Alisema jambo baya lilikuwa usiku. Taa zimezimwa, unasikia inaanza kitanda cha mbali, sauti ndogo, na unajua inakuja. Unauma shuka. Unajiambia hutacheka. "Mdogo wangu," akasema, "hakukuwa na kitu cha kuchekesha hata kimoja. Nilikuwa naogopa, na woga ulitoka kwa mdomo huo." Nilimuuliza aliogopa nini. Akanihesabia: kengele, mtihani, nafasi za kuendelea na masomo ambazo kwa wasichana zilikuwa za kuhesabu, barua za baba zilizotaja bei ya kahawa katika kila mstari wa pili, na yule mwanamume wa kijijini ambaye wazee walikuwa wameanza kumtaja kwa jina akifika nyumbani likizo. Na juu ya yote hayo, kila mgeni aliyekuja shuleni tangu Desemba alikuwa akiwaambia kwamba nchi ni yao sasa, wao ndio tegemeo, Uhuru na Kazi. Hawakuwa na pa kusema kwamba wamechoka.

Wasomi wana maelezo yao. Robert Provine, Mmarekani aliyechunguza kicheko maisha yake, alilitumia tukio letu kuonyesha kwamba kicheko huambukiza. Yeye ndiye aliyepima na kuona mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Hilo halina ubishi, nililiona mlangoni mwa jiko la mama. Christian Hempelmann, msomi mwingine, alikuja kusema kwamba kicheko hapa ni dalili mojawapo tu, ugonjwa wenyewe ni dhiki ya moyo inayoenea katika kundi la watu wanaobanwa na wasio na nguvu ya kujitoa, na akaihusisha na mageuzi ya Uhuru na matarajio mapya ya walimu na wazazi. Huyu nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila Uhuru nisingeubebesha mzigo wote. Sisi Uhuru ulitufurahisha. Bweni, ada na posa vilikuwepo kabla yake.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, umo katika sentensi ambayo Rankin na Philip waliiandika bila kuikazia: kwamba miongoni mwa waliopatwa hakuwemo mwalimu, wala polisi, wala mkubwa wa kijiji. Wao walidhani ni suala la elimu na ustaarabu. Mimi nilikuwepo, na naona ni suala la nani alikuwa na ruhusa ya kupandisha sauti. Mkungu wetu, mkubwa wa kijiji, alikuwa akifoka kila siku. Hakuhitaji ugonjwa.

Na ajabu hii si ya Kiafrika, ingawa ndivyo inavyouzwa. Mwaka 1965, miaka mitatu tu baada ya Kashasha, katika mji wa Blackburn huko Uingereza wasichana wa shule walianza kuanguka na kuzimia mmoja baada ya mwingine, 85 wakapelekwa hospitali, na madaktari wao nao hawakukuta sumu wala mdudu. Sijapata kusikia kipindi cha kuwachekea wale wa Blackburn. Hapa kwetu, gazeti likiandika leo kwamba wanafunzi wa kike wa shule fulani wameanguka mapepo, bado hatua ya kwanza ni kuita viongozi wa dini na ya pili ni kufunga shule. Wasichana wenyewe huulizwa jina, darasa na wamekula nini.

Miaka ya karibuni alifika mgeni na kinasa sauti, mtu mwenye adabu, akiongozana na kijana wa kumtafsiria. Dada alimpokea, wakasalimiana vizuri, akaagiza chai. Mgeni akamuuliza ile siku ya kwanza walicheka kwa ajili gani, na alipouliza, alitabasamu. Dada akamwambia akawaulize madaktari wao, ndio walioandika. Chai akamwachia amalize. Mgeni alipoondoka, dada alinigeukia akasema mtu anayekuja kuuliza habari za msiba huku anatabasamu hajajiandaa kusikia jibu.

Waliokuwa na miaka 12 hadi 18 mwaka ule sasa ni mabibi wa miaka sabini na mitano kwenda juu, na kila mwaka tunazika wawili watatu. Katika makala zote nilizozisoma, sijaona hata moja inayoeleza kwa maneno yao wenyewe kilichotokea ndani ya yale mabweni. Kama nyumbani kwenu Muleba, Bukoba au Misenyi yupo bibi aliyesoma Kashasha au Ramashenye miaka hiyo, usingoje mgeni. Mwamkie, kaa chini, muulize, na uandike anachosema. Asipotaka kusema, mwache, lakini umwulize.